Msome mdudu mdomoni kabla ya kumnunulia dawa: mwongozo kwa wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Kangambili ni mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi, na kila mkulima wa pamba wa Magu, Kwimba na Misungwi anamjua. Anachomeka mdomo kwenye tumba, anafyonza mbegu changa, na kwenye tundu hilo huingia ukungu unaozitia nyuzi madoa ya manjano. Lakini Afrika ina mdudu mwingine, wa jenasi ya Phonoctonus, anayemwiga kangambili rangi kwa rangi hadi anatembea katikati ya kundi lao bila kushtukiwa. Huyu pamba haimhusu. Chakula chake ni kangambili wenyewe.

Anayehukumu kwa rangi atawaua wote wawili, na msimu unaofuata kangambili watarudi bila wa kuwala. Anayewageuza chali na kutazama mdomo atawatenganisha kwa dakika moja. Kangambili ana mdomo mwembamba, mrefu, ulionyooka, aliolaza tumboni katikati ya miguu. Mwindaji wake ana mdomo mfupi, mnene, uliopinda chini ya kichwa, na ncha yake inagusa kifua.

Mwongozo huu umejengwa juu ya utaratibu huo. Mdomo unaeleza mdudu anakula nini, vipapasio na macho vinaeleza anakitafutaje, na alama iliyobaki kwenye chakula inathibitisha. Nimeuandika nikimfikiria mwalimu wa baiolojia asiye na maabara, mkulima, na mama anayeanika dagaa. Wote watatu wanaweza kuifanya kazi hii kwa vitu vilivyopo nyumbani.

Vifaa

Cha lazima ni kioo cha kukuzia, kile kidogo cha kukunja kinachokuza mara 10. Kama huna, simu yenye kamera nzuri inatosha kwa wadudu wakubwa: piga picha kwenye mwanga mkali, kisha ivute. Ongeza karatasi nyeupe, kibanio chembamba, sindano mbili za kushonea, selotepu inayopitisha mwanga, na chupa mbili tatu zenye mfuniko na mdomo mpana. Tochi itakusaidia usiku.

Mdudu hai hatulii. Mtie kwenye chupa, uiweke ndani ya friji kwa dakika 10 hadi 15. Atapoa, ataacha kutembea, na utapata muda mfupi wa kumtazama kabla hajachangamka. Unayetaka kumfungua mdomo aliyekufa, mloweke kwanza kwenye maji ya moto ili viungo vilegee. Wadudu wenye mdomo wa kuchoma usiwashike kwa vidole, kwa sababu wale wanaowinda wenzao huchoma kwa maumivu makali. Usimshike pia mbawakawa usiyemjua mwenye mwili laini na rangi kali za onyo. Wapo wanaotoa majimaji ya kuunguza ngozi.

Hatua ya kwanza: mdomo unaelekea wapi?

Kabla hujakaza macho kwenye sehemu ndogo, mtazame mdudu kwa ubavu. Mdomo unaoelekea chini, moja kwa moja chini ya uso, ni wa mdudu anayekula akiwa amesimama juu ya chakula chake: panzi, senene, kiwavi. Mdomo unaoelekea mbele mara nyingi ni wa anayewinda, anayepigana au anayechimba, kama mchwa askari na mbawakawa wengi wala nyama. Mdomo uliokunjwa kurudi nyuma chini ya mwili ni wa mfyonzaji: kangambili, vidukari, kunguni.

Kanuni hii ina wanaoivunja, lakini nimeiweka mwanzo kwa sababu inakupa dhana ya kuijaribu hata kabla ya kutoa kioo mfukoni.

Hatua ya pili: mfungue panzi

Hapa tulia, usikimbie. Mdomo wa panzi una sehemu zote zikiwa wazi, na midomo ya wadudu wengine karibu yote imetokana na sehemu hizo hizo zilizorefushwa, kuunganishwa au kupunguzwa. Ukimwelewa panzi, mbu hatakuchanganya.

Mlaze panzi chali, kichwa kikuelekee. Utaona kibamba kipana kilichoshuka mbele ya mdomo. Huo ndio mdomo wa juu. Ushike kwa kibanio uuvute taratibu hadi utoke. Nyuma yake kuna taya mbili nyeusi, ngumu, zinazofunguka kushoto na kulia. Mdudu hatafuni juu na chini kama sisi. Zichomoe kwa nguvu kidogo, maana zina misuli imara. Ukingo wa nchani mwa taya ni wa kukatia na sehemu ya ndani ni ya kusagia. Panzi walao majani magumu ya nyasi wana kingo pana zenye migongo ya kusagia, na wale walao majani laini mapana wana meno yaliyochongoka zaidi. Ukipata panzi wawili wa aina tofauti, mmoja kutoka kwenye nyasi na mwingine kutoka kwenye mchicha, linganisha taya zao.

Chini ya taya kubwa kuna jozi ya taya ndogo, kila moja ikiwa na kipapasio chake chenye vipingili. Hivi ndivyo vinavyogonga-gonga jani kabla panzi hajaling'ata, kwa kuwa vimejaa vihisio vya ladha. Katikati kuna ulimi mnene mdogo, karibu na mahali mate yanapotokea. Mwisho ni mdomo wa chini, nao una vipapasio viwili vifupi. Panga kila kipande kwenye karatasi nyeupe kwa mpangilio ule ule uliokuwa nao kichwani, bandika kwa selotepu, andika jina. Darasa zima linaweza kujifunzia karatasi moja kwa miaka.

Wakati wa senene, wanaoletwa sokoni kwa wingi kutoka Kagera, rudia zoezi kwa senene mmoja kabla hajaingia kwenye kikaango. Taya zake ni za mlaji wa mbegu za nyasi, na utaona jinsi zilivyo na nguvu.

Hatua ya tatu: sehemu zile zile, kazi nyingine

Sasa mchukue kangambili, au kidukari ukiwa na kioo kizuri. Taya zimerefuka zikawa nyuzi nne nyembamba sana, zimebanana pamoja, na katikati yake zimeacha mifereji miwili: mmoja wa kuteremshia mate, mwingine wa kupandishia utomvu. Mdomo wa chini umegeuka kuwa ala ya kuzibeba. Mdudu huyu hana kifaa chochote cha kukatia jani. Ukiona jani limekatwa, usimsingizie.

Mbu jike ana sindano sita ndani ya ala. Mbili zina meno ya msumeno, mbili nyingine ni nyembamba za kuchomea, moja ni mrija wa kunyonyea damu, na moja hupitisha mate yanayozuia damu isigande. Vimelea vya malaria huingia mwilini pamoja na mate hayo. Anapouma, ala haiingii. Inajikunja nje ya ngozi. Mbu dume hana sindano za kutoboa ngozi ya mtu, anaishi kwa maji matamu ya maua na mimea.

Nzi wa nyumbani amepoteza taya kabisa. Mdomo wake unaishia kwenye pedi mbili laini zenye vifereji vidogo vinavyofyonza kimiminika. Chakula kikavu, kama chembe ya sukari, hukitemea mate kwanza kikayeyuka. Jambo hili lina maana kubwa kwa wanaoanika dagaa kandokando ya ziwa. Dagaa mbichi na wanaovuja maji ni mali ya nzi. Dagaa aliyekauka barabara hamfai tena, kwa sababu hana cha kumtafunia. Ndiyo maana kuanika juu ya chanja, upepo ukipita chini na juu, kunapunguza nzi upesi kuliko kuwafukuza kwa mkono. Lakini dagaa wakishakauka anakuja mwingine: mbawakawa mdogo mweusi ambaye yeye na watoto wake wenye manyoya wana taya, na samaki mkavu ndiye chakula chao. Kwake ukavu si kinga. Kinachomzuia ni mfuko mzima uliofungwa vizuri na ghala lililofagiliwa. Nzi na mbawakawa wanaharibu samaki yule yule, ila kila mmoja anazuiwa kwa njia yake.

Ukiwa karibu na zizi utaona inzi wanaofanana na nzi wa nyumbani lakini mdomo wao umechomoza mbele, mgumu, hata wakiwa wametulia. Hao wanachoma na kunyonya damu. Mbung'o naye mdomo wake unachomoza mbele, na una uvimbe mdogo kwenye shina. Kwake dume na jike wote hunyonya damu. Wanaokwenda Kisiwa cha Rubondo wanamfahamu.

Kipepeo ana mrija mrefu anaouzungusha ukajiviringa chini ya kichwa, na umetokana na taya ndogo mbili zilizounganishwa. Nyuki ana vyote viwili: taya za kufinyangia nta, na ulimi mrefu wenye vinyweleo wa kulambia maji ya maua. Wala hawa hawahitaji maelezo marefu. Ukiwatazama mara moja kwa kioo, umemaliza.

Hatua ya nne: vipapasio na macho

Mdomo peke yake hauelezi mdudu alikufikiaje gizani. Rudi kwa mbu. Mshike aliyenasa ndani ya chandarua asubuhi, mweke kwenye karatasi nyeupe. Vipapasio vyenye manyoya mengi yaliyotanuka ni vya dume. Manyoya hayo yanatikiswa na sauti ya mabawa ya jike, na kwenye kitako cha kipapasio kuna kiungo kinachoipokea sauti hiyo. Vipapasio vyenye vinyweleo vichache vifupi ni vya jike. Sasa tazama vile vipapasio vya mdomoni, pembeni ya mdomo mrefu. Jike wa Anopheles, mwenye kueneza malaria, anavyo virefu karibu sawa na mdomo wenyewe. Jike wa Culex, anayezaliana kwenye mitaro michafu, anavyo vifupi sana. Hivyo vya mdomoni ndivyo vinavyohisi hewa ukaa tunayoitoa kwa pumzi, na vipapasio vikubwa vinapokea harufu ya jasho na ngozi.

Kwa wengine soma hivi. Vipapasio virefu kupita mwili, kama vya senene na mende, ni vya mdudu wa usiku anayepapasa njia. Vipapasio vifupi kama nywele mbili, pamoja na macho yaliyofunika karibu kichwa chote, ni vya mwindaji anayetegemea kuona. Simama ufukweni Capri Point jioni umtazame kereng'ende: kila jicho lake limeundwa na vijicho vidogo vinavyofikia karibu 30,000 kwa aina kubwa, na vipapasio vyake ni vya kutafuta kwa kioo. Kinyume chake ni siafu vibarua, ambao hawana macho kabisa. Msafara mzima unaongozwa kwa harufu na mguso. Vipapasio vya nondo dume vilivyochanuka vinatafuta harufu ya jike, si ya chakula, kwa hiyo usivisome kama dalili ya mlo.

Mbung'o hutumia pua na macho pamoja. Anavutwa na harufu ya ng'ombe na pumzi yake, lakini akikaribia anafuata rangi, hasa bluu na nyeusi. Mitego ya vitambaa vya rangi hizo imetengenezwa kwa sababu hiyo. Ukipanga kwenda porini, acha nyumbani nguo za bluu iliyokolea.

Hatua ya tano: usimsahau mtoto wake

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wadudu wanaopitia hatua ya pupa mara nyingi wana mdomo mmoja utotoni na mwingine ukubwani. Kipepeo anayenyonya maua bustanini ni mama wa kiwavi anayemaliza majani ya mlimao wako. Nondo wa kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka 2017, hatafuni mhindi hata kidogo. Anayetafuna ni kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na vidoa vinne vilivyopangika mraba karibu na mkia.

Kiluwiluwi cha mbu kina brashi mdomoni za kuvuta chembe za chakula majini. Cha Anopheles kinalala sambamba na uso wa maji na kinaweza kuzungusha kichwa nusu duara ili kipate kula kilichoelea juu. Viuadudu vya kibaiolojia kama vinavyotengenezwa Kibaha vinaua kwa kuliwa. Pupa wa mbu hali chochote, kwa hiyo dawa hiyo haimgusi. Ukiiweka dimbwi likiwa limejaa pupa watupu, umechelewa.

Chota maji yenye majani ukingoni mwa ziwa, uyamimine kwenye beseni jeupe. Ukibahatika utampata mtoto wa kereng'ende. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya uso, na kijidudu kikipita anaufyatua mbele, anakinasa na kukirudisha kinywani kwa haraka ambayo jicho halifuatilii. Mweke peke yake, vinginevyo asubuhi utamkuta amebaki yeye tu.

Na wale wadudu wa ziwani wanaopaa juu ya maji hadi mtu wa mbali akadhani ni moshi? Wengi wa kundi la Chaoborus hutoka karibu na mwezi mwandamo. Watu huwaogopa wakidhani ni mbu, na madume yana vipapasio vya manyoya kwelikweli. Tazama mdomo: hakuna mrija mrefu wa kuchoma. Wakubwa hawaumi. Watoto wao wako majini. Wa Chaoborus wana mwili unaopitisha mwanga, na wanakamata vijidudu vya majini kwa vipapasio vyao, kitu ambacho ni nadra sana kwa wadudu. Dagaa nao wanawala. Kinachotakiwa wanapovamia nyumba ni kuzima taa za nje na kufunga madirisha, si kupuliza dawa.

Hatua ya sita: linganisha mdomo na jeraha

Mdudu kukutwa kwenye mmea hakumfanyi kuwa mkosaji. Tafuta alama inayolingana na mdomo wake. Taya huacha kingo zilizokatika, matundu, na chenga za kinyesi. Mdomo wa kufyonza huacha madoa ya njano, majani yaliyojikunja, na mara nyingi utomvu wa kunata unaoleta sisimizi na masizi meusi. Sisimizi wakipanda mche kwa wingi, geuza majani uangalie vidukari kabla ya kuwalaumu.

Fukusi hudanganya watu. Pua yake ndefu inafanana na mrija wa kufyonzea, ila kwenye ncha yake kuna taya ndogo za kutafuna. Fukusi wa viazi vitamu hutoboa kiazi kwa pua hiyo na kutaga humo. Michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikitengenezwa kwa kiazi kilichoguswa huwa na uchungu. Ghalani, fukusi wa mahindi anatambulika kwa pua hiyo, na dumuzi kwa kichwa kilichojificha chini ya kifua usikione ukimtazama kutoka juu. Dumuzi, aliyethibitishwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, huacha unga mwingi sana na hutoboa hata makopa ya muhogo.

Mfano ninaoupenda uko kwenye magugu maji. Mbawakawa wa aina mbili wenye pua, wa jenasi ya Neochetina, waliletwa kutoka Amerika Kusini na kuachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 ili wayale magugu hayo. Chukua jani la gugu maji kutoka kwenye ghuba. Vidoa vidogo vilivyokwanguliwa juu ya jani ni kazi ya wakubwa, wanaokula usiku. Pasua kikonyo chenye uvimbe. Mfereji wa kahawia ndani yake ni wa buu. Mdudu mmoja ana alama mbili, na mwanafunzi anayeweza kuzionyesha zote ameelewa somo.

Hatua ya saba: mwulize mdudu mwenyewe

Nzi wanaonja kwa miguu, na unaweza kulithibitisha mezani. Mpoze nzi kwenye friji. Bandika mgongo wake, kati ya mabawa, kwenye ncha ya kijiti kwa tone la nta ya mshumaa iliyokaribia kupoa. Akichangamka, mgusishe miguu kwenye maji matupu hadi akate kiu na kuacha kuutoa mdomo. Usiruke hatua hii, kwa sababu nzi mwenye kiu atautoa kwa maji yoyote na hutajua ameonja nini. Kisha mgusishe miguu ya mbele kwenye maji ya sukari. Mdomo utashuka mara moja ingawa haujagusa kitu. Rudia kwa sukari hafifu zaidi na zaidi, uandike ni kiwango gani anaacha kuitikia.

Kwa walaji wa majani, weka kwenye chupa majani ya aina mbili tatu usiku mmoja na uone lipi limeliwa. Jaribio la mbu kwa ngozi yako mwenyewe usilifanye.

Hatua ya nane: uamuzi

Ukiwa na mdomo na jeraha mkononi, mpelekee afisa ugani maelezo hayo badala ya kumwambia tu kuna wadudu. Mwenye taya anauliwa na kilichopakwa juu ya jani, kwa kuwa atakila. Bakteria wa kuua viwavi wanafanya kazi hivyo, na kwa kiwavijeshi wa mahindi dawa lazima ifike kwenye moyo wa mhindi anamokula. Mwenye mdomo wa kufyonza anaipita sumu ya juu ya jani na kunywa chini yake. Kwake inahitajika dawa inayomgusa mwilini, au inayopanda ndani ya utomvu wa mmea. Kwa vidukari wachache, maji ya sabuni yaliyopulizwa chini ya majani mara nyingi yanatosha. Dawa inayopanda kwenye utomvu usiipulize wakati wa maua, kwa maana nyuki watainywa.

Na kundi la wekundu kwenye pamba, kabla hujajaza bomba la dawa, wageuze chali kadhaa kutoka pande tofauti za shamba, kwa kibanio. Ukikuta mdomo mfupi uliopinda, mrudishe huyo kwenye tumba ulipomtoa, na okota kangambili kwa kibanio kwenye mashina yale.